Matumbawe magumu nyumbani: anayeanza achague lipi, na aache lipi?

Toka zaidi ya miaka 50, samaki wadogo wa ziwa Tanganyika wanasafiri kwa ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard aliweka huko Bujumbura biashara ya kuwatuma ng'ambo. Wapiga mbizi wanawakamata kandokando ya mawe, wanawatia ndani ya mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, na kisha safari samaki wale wanajikuta wakiogelea ndani ya vioo huko Ubelgiji, Ujerumani ao Marekani. Mmoja wao anayependwa sana, Neolamprologus leleupi mwenye rangi ya ndimu iliyoiva, anapatikana kwenye mwambao wa Kongo.

Lakini katika nyumba za wafugaji wa Ulaya na Marekani kuna chombo kingine ambacho kimewavuta wengi: akwariamu ya maji ya chumvi. Humo mtu hafugi samaki tu. Anafuga pia matumbawe, yale ambayo kwa Kifaransa yanaitwa « corail ».

Hapo ndipo wengi wanaanza vibaya. Mtu anaingia dukani, taa ya buluu inawaka, tumbawe linang'aa kama kitambaa cha harusi. Analipa, analipeleka nyumbani. Baada ya wiki chache, rangi imekwenda, nyama imekwenda, kimebaki kijiwe cheupe.

Hasara si pesa peke yake. Kijiwe kile kilikuwa mnyama, na pengine kilikuwa kimeishi miaka mingi baharini mbele ya kufika dukani. Ndiyo sababu wafugaji wenye uzoefu wanamwambia anayeanza neno moja: tumbawe la kwanza lisichaguliwe kwa rangi yake. Lichaguliwe kwa namna linavyoweza kumvumilia mtu ambaye bado anajifunza.

Mnyama anayejenga nyumba ya chokaa

Wengi wanafikiri kwamba tumbawe ni jiwe ao mmea. Si hivyo. Ni mnyama mdogo mwenye mdomo mmoja katikati na vidole laini kuuzunguka. Kwa kawaida maelfu ya wanyama hao wanaishi wakiwa wameungana, na chini yao wanajenga mifupa ya chokaa. Mifupa hiyo, ikirundikana kwa mamia na maelfu ya miaka, ndiyo inayofanya miamba ya baharini. Mtu aliyefika Zanzibar ao Lamu ameona chokaa hiyo kwa macho yake: kuta za nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe.

Ndani ya nyama ya tumbawe kunaishi mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo inatumia mwangaza wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo inamlisha mnyama. Kwa hiyo tumbawe linakula kwa njia mbili: kwa mdomo wake, na kwa mwangaza. Maji yakiwa ya moto kupita kiasi, ushirika huo unavunjika, mimea inafukuzwa, na tumbawe linabaki jeupe. Likikaa hivyo muda mrefu, linakufa.

Matumbawe hayakui haraka. Yale ya mviringo ya jamii ya Porites yanaongezeka karibu sentimita 1 tu kwa mwaka. Yale yenye matawi, kama Acropora, yanaweza kupita sentimita 10 kwa mwaka mahali pazuri. Anayeua tumbawe kubwa la mviringo kwa wiki 3 amepoteza kazi ya miaka mingi.

Wafugaji wanagawa matumbawe magumu katika makundi mawili. Kuna yenye vinywa vikubwa, yanayoandikwa kwa kifupi LPS, na kuna yenye vinywa vidogo sana, SPS. Huo si mgawanyo wa wataalamu wa sayansi, ni wa dukani. Lakini unasaidia: kwa ujumla LPS yanataka mwangaza wa wastani na yanavumilia makosa madogo, SPS yanataka mwangaza mkali, maji yenye nguvu, na vipimo visivyoyumba.

Mbele ya tumbawe, maji

Kosa la kwanza la anayeanza hutokea mbele ya kununua tumbawe lolote: anaharakisha. Akwariamu mpya inaonekana safi, lakini haijakuwa na uhai. Uchafu wa samaki na wa chakula unaleta amonia, ambayo ni sumu. Vidudu vizuri vinavyoigeuza amonia kuwa kitu kisicho na madhara makubwa vinahitaji muda wa kuzaana juu ya mawe na mchanga. Mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6. Kwa matumbawe magumu, wafugaji wengi wanangoja hata miezi kadhaa.

Ukubwa wa chombo nao una maana. Mtu anaweza kufikiri kwamba aanze na kidogo, kisha aende kwa kikubwa. Kwa maji ya chumvi ni kinyume. Ndani ya lita 20, kosa dogo linageuza maji yote kwa saa chache. Ndani ya lita 150 ao 200, kosa hilo hilo linampa mtu muda wa kulitengeneza.

Maji ya robine hayafai moja kwa moja, kwa sababu yanaweza kuwa na klorini, shaba na fosfati. Maji ya ziwa vilevile hayafai. Kinachotumiwa ni maji yaliyochujwa kwa mashine ya osmosi, kisha chumvi ya pekee inatiwa, karibu gramu 35 kwa kila lita. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi haikauki pamoja nayo. Kwa hiyo kila siku panaongezwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chombo kinazidi kuwa chumvi bila mwenyewe kujua.

Vipimo vinavyotakiwa si siri: joto la digrii 25 ao 26, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1.300, na alkalini kati ya 8 na 9 kwa kipimo cha dKH. Kati ya hivyo vyote, alkalini ndiyo ya kuangaliwa zaidi, maana tumbawe linaitumia kila siku kwa kujenga mifupa. Lakini kushika namba nzuri kabisa si jambo la kwanza. La kwanza ni namba isibadilike ovyo. Tumbawe linaweza kuzoea alkalini ya 8 ao ya 9. Kinacholiua ni kuruka kutoka 7 hadi 10 kwa siku moja, kwa sababu mwenyewe alisoma kipimo, akaogopa, akamimina dawa nyingi mara moja.

Kuna kosa lingine linalofanana na usafi. Mtu anachuja maji mpaka hayana nitrati wala fosfati hata kidogo, akifikiri amefanya vizuri. Matumbawe yanaanza kufifia. Yana njaa. Maji ya tumbawe yanatakiwa kuwa safi, lakini si matupu.

Ya kuanza nayo

Tumbawe ambalo mara nyingi linatajwa kwa anayeanza ni Duncan, jina lake la sayansi Duncanopsammia axifuga. Lile linalouzwa madukani linatoka zaidi sana Australia. Lina vichwa vya mviringo mwishoni mwa vijiti vigumu, na kila kichwa kinafunguka kama ua lenye vidole vingi. Sifa yake kubwa ni kwamba linaonyesha hali yake waziwazi. Likiwa na afya, linafunguka mchana kutwa. Maji yakiharibika, linajifunga, na mwenyewe anapata onyo mapema. Linakamata kipande kidogo cha kamba ao cha samaki bila shida, na vichwa vipya vinatokea pembeni ya vile vya zamani. Mtu aliyenunua vichwa 3 anaweza kujikuta baada ya muda ana zaidi ya 10.

La pili ni Caulastraea. Vichwa vyake vimevimba kama vidomo vya tarumbeta, vingi vikiwa vya kijani ao vya kahawia vyenye mistari. Linakaa chini ya chombo, kwenye mwangaza wa wastani na maji yanayopita polepole. Linaongezeka kwa namna ya ajabu: kichwa kimoja kinarefuka, mdomo unagawanyika, na kichwa kinakuwa viwili. Kwa anayeanza, kuona hivyo ni alama kwamba alkalini na kalsiamu zinatosha.

La tatu ni Blastomussa. Linapenda kivuli kuliko mengi, halina tabia ya kupigana sana na majirani, na nyama yake nene inafunika mifupa kama mto wa kitanda. Linakua polepole, kwa hiyo anayetaka mabadiliko ya haraka atachoka. Lakini kwa chombo chenye taa isiyo na nguvu, ni chaguo zuri.

Baada ya hayo, wengi wanaingia kwenye jamii ya Euphyllia, yenye vidole virefu vinavyocheza ndani ya maji kama majani ya mgomba kwenye upepo. Hapa kuna shauri moja la maana: kuchagua lile lenye matawi, si lile la ukuta mmoja. Kwenye tawi, kila kichwa kina mifupa yake. Kikipatwa na ugonjwa, kinaweza kukatwa na vingine vikapona. Lile la ukuta ni nyama moja iliyoungana. Ugonjwa ukianzia upande mmoja, mara nyingi unamaliza lote. Aina ya Euphyllia glabrescens, yenye vidole virefu zaidi na ncha za rangi, ni nzuri sana kwa macho lakini ni dhaifu na kali kuliko ndugu zake. Inaweza kungoja.

Mtu akiisha kushika vipimo bila kuyumba kwa miezi 6 ao mwaka, anaweza kujaribu SPS la kwanza. Montipora digitata, lenye matawi kama vidole, na Montipora capricornis, lililotandika kama sahani, yanahesabiwa kuwa mlango wa kuingilia. Yakikubali na kukua, mwenyewe amejua kwamba maji yake yamekomaa.

Ya kuacha kwanza

Acropora ndiyo inayowavuta watu zaidi, kwa rangi zake za zambarau, buluu na waridi. Ndiyo pia inayokufa haraka katika mikono ya asiyezoea. Alkalini ikiruka, ncha zake zinaungua na nyama inaanza kubanduka kuanzia chini. Vipande vya rangi adimu vinauzwa hata kwa mamia ya dola, na bei hiyo haivifanyi viwe na nguvu zaidi.

Goniopora inafanana na shada la maua. Kwa miaka mingi ilijulikana kama tumbawe linalopendeza kwa miezi michache na kisha kufa polepole. Leo vipande vilivyokuzwa ndani ya vyombo vinafanya vizuri zaidi, lakini bado si kazi ya siku za kwanza.

Tubastraea, lenye rangi ya machungwa, linadanganya wengi. Mtu anaambiwa kwamba halihitaji mwangaza, anafikiri ni rahisi. Ni kweli, halina ile mimea midogo ndani ya nyama yake. Ndiyo sababu kila kichwa kinapaswa kulishwa mara kwa mara, na chakula hicho chote kinachafua maji. Anayelisahau analiua kwa njaa.

Galaxea nayo ni ngumu na inaishi, lakini ni jirani mbaya. Usiku inatoa vidole virefu vyenye sumu ambavyo vinaweza kufika hata sentimita 30, na vinaunguza kila kitu vinachogusa. Hata Euphyllia inahitaji nafasi ya karibu sentimita 15 kila upande. Anayepanga matumbawe yake karibu karibu ili yapendeze mchana, atakuta asubuhi mojawapo limeungua.

Mbele ya muuzaji

Kuna mambo ambayo mnunuzi anaweza kuangalia mwenyewe bila chombo chochote. La kwanza ni ukingo: pale nyama inapokutana na mifupa, isiwe imerudi nyuma na kuacha mifupa meupe wazi. La pili ni mdomo: ukiwa umefunguka sana bila chakula, tumbawe lina shida. La tatu ni ute wa kahawia unaoyeyuka. Huo ni ugonjwa, na unaambukiza.

Vilevile inafaa kuuliza tumbawe limekaa dukani siku ngapi. Lililofika jana bado lina uchovu wa safari, na mnunuzi hawezi kujua kama litapona. Kipande ambacho nyama yake imeanza kutambaa juu ya kijiwe kilichobandikwa kimekwisha kupona kidonda cha kukatwa.

Nyumbani, tumbawe halitupwi moja kwa moja ndani ya chombo. Linazoezwa joto, linaoshwa katika maji yenye dawa ili kuondoa minyoo na konokono wasio na gamba wanaokula nyama yake, na ikiwezekana linatengwa kwa wiki chache. Kisha linawekwa chini, mbali na taa, na kupandishwa polepole. Tumbawe lililotoka kwenye mwangaza mdogo likiwekwa ghafla chini ya taa kali linaungua kama mtu aliyekaa gerezani na kutolewa kwenye jua la saa sita. Na likiisha kupata mahali pake, liachwe. Anayelihamisha kila baada ya siku mbili analichosha.

Lilitoka wapi?

Swali hilo ndilo ambalo wengi hawaulizi, na ndilo zito kuliko mengine. Wakongomani wanalijua kupitia kasuku wa kijivu. Mwaka wa 2016, inchi zilizokutana Johannesburg katika mkutano wa mkataba wa CITES zilimpandisha kasuku huyo kwenye orodha ya kwanza, yaani biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini ilikatazwa. Kongo ni mwanachama wa mkataba huo toka mwaka wa 1976.

Matumbawe magumu yote yapo kwenye orodha ya pili ya mkataba huo huo. Biashara yake haikatazwi, lakini yanahitaji kibali ili kuvuka mpaka, hata yakiwa yamekwisha kufa. Jambo hilo linawahusu pia wafanyabiashara wa Bukavu, Uvira ao Lubumbashi wanaopitia Dar es Salaam na Zanzibar: kipande cha tumbawe kilichonunuliwa ufukweni kama zawadi kinaweza kuleta matatizo kwenye forodha.

Indonesia, ambayo ni kati ya wauzaji wakubwa duniani, ilisimamisha mwaka wa 2018 kupeleka matumbawe ng'ambo, kisha mwaka wa 2020 ikafungua tena kwa yale yanayokuzwa na wafugaji baharini. Katika mashamba hayo, kipande kidogo kinakatwa kwenye tumbawe mama, kinabandikwa juu ya kijiwe, na kinaachwa kukua. Mama anabaki. Maduka na wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani wanafanya hivyo hivyo ndani ya vyombo vyao.

Kwa anayeanza, kipande kama hicho kina faida mbili. Hakikung'olewa kwenye mwamba. Na kikiwa kimekuzwa ndani ya chombo, kimekwisha kuzoea taa ya umeme na maji ya kutengenezwa, kwa hiyo kina nafasi kubwa ya kuishi kuliko lile lililotoka baharini mwezi uliopita.

Hilo lina uzito leo kuliko jana. Mwezi wa 4 mwaka wa 2024, wataalamu walitangaza kwamba dunia imeingia katika kipindi cha nne cha matumbawe kuwa meupe kwa pamoja kwa sababu ya joto la bahari. Mwaka uliofuata, hesabu zilionyesha kwamba asilimia 84 ya miamba ya matumbawe duniani ilikuwa imefikiwa na joto hilo. Bahari ya Hindi haikubakizwa.

Na huku kwetu?

Kongo ina bahari, karibu kilomita 40 za pwani pande za Muanda. Lakini mto Kongo unamimina huko maji baridi na udongo mwingi sana, na tumbawe la miamba linataka maji ya chumvi, ya moto na yenye kupenya mwangaza. Miamba kama ya Zanzibar haiwezi kujengeka mbele ya mdomo wa mto kama huo.

Kufuga matumbawe Goma, Bukavu ao Uvira kungekuwa na adui wa karibu zaidi: umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji yanakosa oksijeni. Kwa saa chache tu viumbe vya ndani vinaanza kuteseka. Hata Ulaya, wafugaji waangalifu wanaweka pampu ndogo ya betri kwa siku hiyo moja ya shida. Mahali ambapo siku hiyo inarudi kila wiki, heri kubaki na samaki wa Tanganyika.

Kwa Wakongomani wanaoishi Brussels, Paris ao Amerika Kaskazini na wanaofikiria kuanza, njia ni fupi kueleza na ndefu kufuata: chombo kisicho kidogo, miezi ya kungoja, Duncan ao Caulastraea moja iliyokuzwa na mfugaji, na kipimo cha alkalini kila wiki. Likiisha kutulia, ndipo la pili.

Na siku tumbawe lile likijaa vichwa, litakatwa, na kipande kitapewa mtu mwingine anayeanza. Huko Ujerumani, Dietrich Stüber wa Berlin alifanya hivyo na Acropora yake. Vipande vilipita mkono kwa mkono toka mfugaji mmoja hadi mwingine, na tumbawe likabaki na jina lake. Kila kipande kinachotolewa hivyo ni kimoja kidogo cha kung'oa baharini.